Mahari ya Sarafu

Chekeni tu, msijizuie, maana hata mimi ningekuwa nimekaa hapo mlipokaa na anayesimulia ni mtu mwingine, ningecheka mpaka nishike mbavu, ila naomba mkishamaliza kucheka msiniulize Shabani anaendeleaje, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mpaka leo sina uso wa kulijibu.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni dalali wa mnada wa samaki pale sokoni Bagamoyo, miaka nenda miaka rudi napiga kelele asubuhi mpaka koo linakauka, nani anaongeza, nani anaongeza, changu hao, kibua hao, pweza huyo bado anacheza, na mtu anayeshinda na bei mdomoni kila siku huishia kujiona kwamba hela anaijua kuliko wenzake. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza, wala sitamsingizia shetani, shetani siku ile alikuwa amekaa pembeni ananiangalia tu.

Zile mashine za kutumbukiza sarafu za mia mbili, madubwi, nyote mnazijua, na wengine humu nimekutana nanyi hukohuko (msinikodolee macho, sitataja jina la mtu). Mimi nilikuwa nawadharau wachezaji wote, nikisema hawa wanacheza kwa pupa ndiyo maana wanaliwa, lakini mwenzao nina kanuni. Kanuni yangu ilikuwa hivi: unachagua tunda moja tu, tufaha, maana tufaha hutoka mara kwa mara, unaweka kidogo, ukiliwa unaweka mara mbili yake, ukiliwa tena unaongeza mara mbili tena, kwa sababu tufaha haliwezi kugoma milele, na siku likitoka linarudisha vyote ulivyoliwa na faida juu. Tena hela unaigawa mafungu, fungu la kula haliguswi, unacheza na fungu la kuchezea peke yake, na ukipata unanyanyuka. Niliihubiri kanuni hiyo kijiweni, watu wazima na ndevu zao wakinisikiliza vizuri kabisa, na mmoja akaniambia kama ningesoma ningekuwa meneja wa benki. Nikaamini.

Sasa Shabani ni mtoto wa kaka yangu Omari, ananiita ba'mdogo, na kazi yake ni kuzamia pweza. Pweza wake wote nawanadi mimi, na tangu ameanza kuzamia, hela ninayompa anaitumbukiza mfukoni bila kuitazama, akiulizwa na wenzake anasema, "Ba'mdogo keshahesabu." Alipompata binti wa kumwoa kule Fukayosi, Zuhura, mtoto mtulivu aliyelelewa na babu yake, Mzee Pazi, hapakuwa na mjadala nani awe mshenga. Kaka alisema mdomo wa ukoo huu ni wa Rajabu, na Rajabu ndiye mimi. Basi mahari, laki tatu ambazo mtoto amezitoa chini ya miamba pweza mmoja mmoja, nikakabidhiwa mimi siku moja kabla, nikazifunga kwenye leso nyeupe nikazitia mfuko wa ndani wa koti.

Asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa bado nanuka samaki, simu ikalia. Ni mjomba wa binti, anaongea kwa haya nyingi, ati bibi yake Zuhura naye anaomba mkaja wake, kwa kuwa yeye ndiye aliyembeba mgongoni mtoto huyu, elfu arobaini tu, kama haitakuwa taabu. Hapo nilitakiwa nimpigie kaka Omari nimwambie jambo limeongezeka, tuchangishane, na pengine tungechangishana kabla ya adhuhuri bila neno. Lakini mimi nikamjibu mjomba kwa sauti ya mnada, "Hilo dogo sana, ndugu yangu, mwambie bibi mkaja wake uko njiani." Kisha nikakata simu na mfukoni nina elfu kumi na tano.

Mnaona ilipoanzia. Jambo dogo kabisa, kuona aibu kumwambia kaka yangu kwamba nimeahidi nisichokuwa nacho.

Nilipita kwenye duka moja lenye madubwi, njia ya kwenda nyumbani kuoga. Mashine tatu zimepangwa ukutani, na dada anayeuza hapo akaninong'oneza kwamba ile ya katikati imekula watu tangu jana haijatapika. Nikajiambia, Rajabu, hii ndiyo siku ya kanuni. Elfu kumi na tano ni fungu la kuchezea, mahari ni mahari, haiguswi, nakusanya arobaini yangu nanyanyuka, na mkaja wa bibi umepatikana bila kumsumbua mtu.

Na wallahi, mwanzo kanuni ilifanya kazi. Naliwa, naongeza, tufaha linatoka, narudisha, napata na kidogo juu, mpaka nikawa nimefika elfu ishirini na nne na nikaanza kupiga mluzi (mluzi, mimi, na nimeshikilia mahari ya mtoto wa watu kifuani). Kisha tufaha likanyamaza. Likatoka chungwa, ikatoka kengele, likatoka tikiti, likarudi chungwa, na mimi naongeza mara mbili, naongeza mara mbili tena, na fungu la kuchezea likaisha. Ndipo nikafanya hesabu ambayo naiona aibu hata kuisema: nikajisemea, kuacha sasa hivi ndiyo hasara, kwa sababu kanuni iko katikati ya safari, na mtu hashuki katikati ya safari. Nikaitoa leso.

Sitawachosha na yote. Noti zote za leso zinabadilishwa sarafu, sarafu zinaingia, jasho linanitoka na feni inazunguka juu ya kichwa changu. Nusu ya mahari ilikwenda. Ikaenda zaidi ya nusu. Nikawa nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, halafu nakumbuka dua hii naiombea nini, nanyamaza, kisha naanza tena. Simu inalia, kaka, siipokei. Inalia tena. Na nilipofika kwenye fungu ambalo likienda hilo sina pa kwenda ila baharini, tufaha likatoka. Mashine ikatapika mpaka ikaishiwa, dada akachota nyingine kwenye ndoo akanihesabia, na tulipomaliza nilikuwa na laki tatu na arobaini. Kamili! Mahari ya Shabani na mkaja wa bibi juu yake. Nikapiga magoti palepale dukani, mjinga mimi, nikadhani ndiyo nimeokoka.

"Haya dada, nibadilishie noti, nimechelewa."

"Noti sina, baba. Mwenye mashine kapita kukusanya ukiwa unacheza, kabeba zote, na zile zako humohumo. Labda kesho kutwa akija."

Zote, zote kabisa, zilikuwa sarafu za mia mbili, zimejaa kiroba cha sukari alichonipa dada. Nikakimbilia kwa wakala wa simu, akachungulia kiroba, akacheka, akasema hana muda wa kuhesabu na foleni yote ile. Simu ikalia tena, safari hii nikapokea, kaka anafoka gari liko tayari na wazee wameshakaa. Nikaoga kwa kujimwagia makopo mawili, nikavaa kanzu, nikakifunga kile kiroba mdomo kwa uzi, juu nikakizungushia leso nyeupe, nikapanda Noah na kiroba katikati ya miguu, na kila gari lilipogonga shimo barabara ya Fukayosi kiroba kilikuwa kinalia, cha, cha, na mimi nakohoa kufunika sauti. Kaka Omari akaniuliza, "Umebeba nini hicho?" Nikamwambia, "Mambo ya washenga, kaka." Shabani hakuja, si desturi bwana harusi kuja siku ya mahari, na hilo peke yake namshukuru Mungu.

Tukapokelewa vizuri. Mkeka umetandikwa barazani, wazee wao upande huu, wazee wetu upande ule, Ustadhi Mbwana tuliyekwenda naye katikati, na wanawake nyuma ya pazia la mlangoni, tunaona miguu yao na hina. Nikasema maneno yangu, na niaminini, siku ile nilisema, mpaka Mzee Pazi akatabasamu na meno yake machache. Mpango wangu ulikuwa nimnong'oneze mjomba apeleke mzigo ndani moja kwa moja. Lakini Mzee Pazi akasukuma sinia kubwa la bati katikati ya mkeka akasema, "Kwetu mahari huhesabiwa mbele ya mashahidi, ili asije mtu kesho akasema mtoto wetu alikwenda bure. Weka hapo, mwanangu."

Nikakinyanyua kiroba taratibu ili nikiweke kama kilivyo, na uzi wa kiroba kile, ambao ulikuwa umevumilia mashimo yote ya njiani, ukaachia palepale juu ya sinia.

Jamani, sarafu zikimwagika kwenye bati mnajua zinavyolia? Zilimwagika, na zikaendelea kumwagika, nyingine zikabiringika mpaka kwenye viatu mlangoni, nyingine zikapita chini ya pazia kwa wanawake, na shangazi mmoja aliyekuwa ameshaanza kigelegele kikamkatikia mdomoni. Nikabaki nimeshika leso tupu. Mtoto mmoja wa jirani, aliyekuwa anachungulia dirishani, akasema kwa sauti safi kabisa, "Dubwi hilo!"

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka.

Mzee Pazi akaokota sarafu moja, akaitazama, akairudisha siniani. "Hii sauti naijua," akasema polepole. "Baba yake huyu binti ni mwanangu wa kumzaa. Aliiuza mikorosho yangu kwa sauti hii, akauza na bati za nyumba ya mama yake kwa sauti hiihii, kisha akaondoka, mpaka leo hatujui yuko wapi. Ndiyo maana mtoto nimemlea mimi."

Mimi sikuwa na habari. Mshenga mzima, mdomo wa ukoo, sikuwahi kuuliza baba wa binti yuko wapi. Na mtu mwenye akili hapo angeinamisha kichwa aombe radhi, lakini mnajua nilifanya nini? Nilisimama nikaanza kunadi. Ndiyo, kunadi, kwa sauti ileile ya sokoni, mikono juu: "Mzee wangu, hapa hakuna hasara hata ya senti! Laki tatu imeingia, laki tatu imetoka, na mkaja wa bibi juu! Mimi sichezi kama wengine, mzee, nina kanuni, naliwa naongeza mara mbili, fungu la kula haliguswi, na nikipata nanyanyuka!" Kaka Omari ananivuta kanzu, "Kaa chini, Rajabu, kaa chini," na mimi ndiyo kwanza naeleza habari za tufaha.

Mzee Pazi akanisubiri nimalize. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Leo ulipopata ulinyanyuka?"

"Nilinyanyuka, mzee."

"Ulinyanyuka kwa sababu umetosheka, au kwa sababu gari lilikuwa linakusubiri?"

Nikaanza kukunja ile leso tupu. Nyuma ya pazia nikaona miguu miwili yenye hina mpya ikigeuka ikaenda chumbani, na mlango ukafungwa.

Mahari haikupokelewa. Tulipiga magoti kuokota sarafu, wazee wazima na kanzu zetu, bibi mmoja akitusukumia kwa ufagio zile zilizoingia ndani, na njia nzima ya kurudi ndani ya Noah hakuna aliyetamka neno ila kiroba.

Sasa hapa ndipo ningependa mkasa uishe. Ungeishia hapa ungekuwa mkasa wa kuchekesha, na mimi mwenyewe ningekuwa nausimulia harusini.

Maana Ustadhi Mbwana, Mungu ampe kheri, hakulala juu ya jambo hili. Alimpigia Mzee Pazi kesho yake akamweleza kwamba laki tatu asili yake ni jasho la Shabani, chini ya maji, halali tupu, na kijana hakujua wala hakucheza, basi asibebeshwe mzigo wa baba yake mdogo. Ile arobaini ya juu ndiyo uchafu, itolewe iende kwa maskini, na laki tatu ibadilishwe iwe noti, iletwe na kaka Omari mwenyewe. Mzee akasita, akazungumza na mjukuu wake, akarudi akasema basi, njooni Jumapili. Yaani mlango ulifunguka tena! Shabani alikuja kwangu na furaha, akanishika mkono akasema, "Yamekwisha ba'mdogo, usijilaumu," na mimi nikalia. Kazi niliyobakiziwa ilikuwa moja, ya kitoto: kubadilisha sarafu ziwe noti.

Ningeweza kuzibadilisha kwa mama lishe pale sokoni, kila siku wanalia hawana chenji. Lakini niliona haya kuonekana na kiroba kile mbele ya watu wanaonijua, kwa hiyo nikaenda kulekule dukani, kwa dada, ambaye aliniambia mwenye mashine anakuja na noti, nimsubiri. Nikakaa kwenye benchi. Kiroba magotini. Mashine ya katikati iko mbele yangu, taa zake zinakimbizana.

Nilisubiri kweli, msinione hivi. Kisha nikawaza ile arobaini. Si mahari ile, si ya kaka, si yangu, ni ya kutolewa tu, haina mwenyewe. Nikawaza, hili sasa ndilo fungu la kuchezea ambalo hata likiliwa hakuna anayeumia, na likizaa, maskini watapata zaidi. (Maskini! Niliwaingiza mpaka maskini.) Na nilikuwa na kitu kingine moyoni ambacho nitakisema kwa kuwa tumekaa hapa kuambiana ukweli: nilitaka kumjibu Mzee Pazi. Nilitaka nipate, ninyanyuke kwa hiari yangu, bila gari kunisubiri, ili nimwone mjinga yeye.

Tufaha halikutoka. Niliongeza mara mbili mpaka arobaini ikaisha, nikasema safari haijafika, nikafungua mahari. Nikaongeza mpaka mashine yenyewe ikagoma kupokea zaidi kwa mkupuo mmoja, ina kikomo chake, jambo ambalo kanuni yangu haikuwahi kulifikiria, kwa hiyo hata lilipotoka tufaha halikurudisha nusu ya nilicholiwa. Nilidhani ile mashine ninadaiana nayo, kwamba inakumbuka ilichokula kwangu na ina haya ya kunirudishia. Haikumbuki kitu. Kila ukibonyeza kwake ni mara ya kwanza.

Mwenye mashine alifika na noti zake zimefungwa kwa mpira. Dada akamwambia ndiye huyu mzee wa kubadilisha sarafu. Akaniuliza ziko wapi. Nikamwonesha kiroba, kimekunjwa.

Nilipomwambia kaka Omari alikuwa anatia udhu. Aliendelea kuosha miguu yake, taratibu, vidole kimoja kimoja, akamaliza, akasema, "Mpigie Mzee Pazi wewe. Mdomo wa ukoo si wewe?" Nikapiga. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Heri mmekuja kwetu na sauti ile mapema, kabla mjukuu wangu hajaingia kwenu." Nilimwahidi nitalipa, nitauza kitanda, nitauza baiskeli, akaniambia shida yake kamwe haikuwa laki tatu. Zuhura ameolewa baada ya mavuno, na mkulima wa ufuta wa Mkange, na wanasema ni mtu mzuri.

Nimeapa, ndiyo, kwa msahafu, mbele ya Ustadhi, wala kijiweni sifundishi mtu tena, na njia ya pale dukani siipiti hata mvua ikinyesha, nazunguka. Mkiniona nazunguka mnicheke. Akitokea mtu kuwaambia ana kanuni ya kuishinda mashine, msimbishie, mwulizeni tu lile swali la Mzee Pazi.

Laki tatu ya Shabani namlipa kidogo kidogo, anapokea, ananiamkia shikamoo kila asubuhi kama kawaida, hajawahi kunitolea neno baya, laiti angenitukana. Ila wiki iliyopita alileta pweza wakubwa, nikamnadia nusu saa mpaka sauti ikakauka, nikampatia bei ambayo hakuna dalali mwingine angeipata, nikamkabidhi hela yake mkononi. Akasema ahsante ba'mdogo. Kisha akasogea pembeni hatua mbili, akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuzihesabu.